Jela Imekwisha, Kura Haijarudi

Agosti 1890 wajumbe 134 walikutana mjini Jackson, makao makuu ya jimbo la Mississippi, kuandika katiba mpya. Mweusi alikuwa mmoja tu kati yao, Isaiah Montgomery, ingawa wakati huo Weusi ndio waliokuwa wengi jimboni. Katiba waliyoipitisha Novemba ilikuwa na kifungu cha 241, na ndani yake orodha ya makosa. Aliyetiwa hatiani kwa mojawapo alipoteza haki ya kupiga kura: rushwa, kuvunja nyumba, wizi, kuchoma mali moto, kujipatia fedha kwa udanganyifu, kiapo cha uongo, kughushi, ubadhirifu, na kuwa na ndoa mbili kwa wakati mmoja.

Mauaji hayakuwemo. Ubakaji nao haukuwemo. Kwa mujibu wa orodha hiyo, mwizi wa mahindi alifutwa katika daftari la wapiga kura, na muuaji akabaki.

Walioitunga hawakuwa wamesahau. Waliamini kwamba makosa waliyoyaorodhesha ndiyo ambayo Weusi walikuwa wepesi kuyatenda. Mwaka 1896 Mahakama ya Juu ya Mississippi yenyewe, katika kesi ya Ratliff dhidi ya Beale, ilieleza jambo hilo waziwazi: kwa kuwa Katiba ya Marekani ilikataza kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi yake, mkutano wa 1890 ulizunguka katazo hilo kwa kulenga tabia na makosa yaliyodhaniwa kuwa ya Weusi. Majaji hawakuyasema hayo kwa kulaani. Walikuwa wanaeleza jinsi katiba ya jimbo lao ilivyotengenezwa. Mauaji na ubakaji viliingizwa katika orodha mwaka 1968, miaka 78 baadaye.

Wazo lenyewe la kumnyima mhalifu haki za uraia ni la kale kuliko Marekani. Katika sheria ya Uingereza ya zamani, aliyepatikana na hatia ya uhaini au kosa kubwa la jinai alinyang'anywa mali, na watoto wake hawakuweza kumrithi. Mtu alikuwa hai, lakini mbele ya sheria alihesabiwa amekufa. Walowezi walivuka bahari na wazo hilo. Katiba ya Kentucky ya 1792 iliruhusu waliotiwa hatiani kwa makosa kama rushwa na kiapo cha uongo wanyimwe kura. Siku hizo adhabu hiyo iligusa watu wachache, maana wapiga kura wenyewe walikuwa wachache: wanawake hawakuwemo, wala watumwa, na katika majimbo mengi hata mwanamume mweupe asiye na mali.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe ndivyo vilivyogeuza mambo. Utumwa ulipigwa marufuku mwaka 1865, ila marekebisho ya Katiba yaliyoupiga marufuku yaliacha mlango mmoja: kazi ya kulazimishwa iliruhusiwa ikiwa ni adhabu ya kosa. Mwaka 1870 Marekebisho ya 15 yakakataza kumnyima mtu kura kwa rangi, na mwaka huohuo Hiram Revels wa Mississippi akawa Mweusi wa kwanza kuingia katika Seneti ya Marekani. Kwa wenye mashamba makubwa ya pamba, hilo lilikuwa tishio.

Jibu lilianza na nguruwe. Mwaka 1876 bunge la Mississippi lilipitisha sheria iliyokuja kujulikana kama Sheria ya Nguruwe. Kuiba ng'ombe au nguruwe, hata mmoja, au mali yenye thamani ya zaidi ya dola 10, kukawa wizi mkubwa, na kifungo chake kingeweza kufika miaka mitano. Jela zikafurika, nalo jimbo likawakodisha wafungwa hao kwa wenye mashamba na wajenzi wa reli. Katiba ya 1890 ikaongeza pingu nyingine: mtu mwenye njaa aliyekuwa amechinja nguruwe wa jirani, akahukumiwa kwa kosa kubwa na kukodishwa kulima pamba ya mtu mwingine bila ujira, sasa alijikuta hana hata kura ya kumwondoa mbunge aliyetunga sheria ile. Ni vigumu kuuona mpangilio huo kuwa wa bahati mbaya.

Orodha ya makosa haikufanya kazi peke yake. Palikuwa na kodi ya dola mbili kwa anayetaka kupiga kura, na mtihani wa kusoma au kufafanua kifungu cha katiba mbele ya karani ambaye alikuwa na uhuru wa kumfelisha amtakaye. Kufikia 1892 Weusi walioandikishwa Mississippi walikuwa chini ya 9,000. Lakini kodi ile na mtihani ule vimekufa. Marekebisho ya 24 ya mwaka 1964, Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965 na hukumu za mahakama viliviua kimoja kimoja. Kati ya silaha zote zilizofuliwa enzi zile ili kumtoa Mweusi kwenye sanduku la kura, iliyoishi mpaka leo ni hii iliyovaa joho la adhabu.

Iliishi kwa msaada wa maneno machache. Ibara ya pili ya Marekebisho ya 14, ya mwaka 1868, iliandikwa kuyaadhibu majimbo yatakayowanyima wanaume kura: yangepunguziwa viti bungeni. Ila adhabu hiyo haikuhusu waliokosa kura kwa kushiriki uasi au kosa jingine. Mwaka 1974 Wakalifornia watatu waliokwisha kutumikia vifungo vyao walifika Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Richardson dhidi ya Ramirez, wakidai kura zao. Jaji William Rehnquist, akiandika kwa niaba ya walio wengi, alisema maneno yale yanayapa majimbo ruhusa. Thurgood Marshall, Mweusi wa kwanza kuketi katika mahakama hiyo, alipinga. Msamaha mdogo katika ibara iliyokusudiwa kuwalinda wapiga kura Weusi ukageuzwa kuwa kibali cha kuwazuia.

Miaka 11 baadaye Rehnquist huyohuyo aliandika hukumu ya aina nyingine. Alabama ilikuwa imeandika katiba yake mwaka 1901, na mwenyekiti wa mkutano ule, John Knox, aliwaambia wajumbe bila kificho kwamba lengo ni kusimika utawala wa Weupe ndani ya mipaka ya Katiba ya Marekani. Mjumbe mmoja alikadiria kwamba kosa la kumpiga mke peke yake lingewaondoa asilimia 60 ya Weusi. Katika kesi ya Hunter dhidi ya Underwood ya 1985, iliyoletwa na watu wawili, Mweusi na Mzungu, waliofutwa katika daftari kwa kuandika hundi zisizo na fedha, mahakama iliamua kwa kauli moja kwamba kifungu kilichowanyima kura wenye makosa ya upotovu wa maadili kilizaliwa na ubaguzi, na hakiwezi kusimama. Mwaka 1996 Alabama ilikirudisha katika sura mpya.

Florida inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu huko idadi ya walionyimwa kura ilikuwa kubwa mno. Katiba yake ya 1868 ilimnyima kura kwa maisha yake yote kila aliyetiwa hatiani kwa kosa kubwa. Mwaka 2000 George W. Bush alishinda jimbo hilo, na kwa hilo urais, kwa tofauti ya kura 537. Aliyetaka haki yake irudi alipaswa kumwomba gavana na baraza lake. Gavana Charlie Crist aliwarudishia zaidi ya watu 150,000 katika miaka minne. Mrithi wake, Rick Scott, aliweka mwaka 2011 sharti la kusubiri miaka mitano au saba baada ya kumaliza adhabu, na katika takriban miaka saba akawarudishia wapatao 3,000.

Maombi yalisikilizwa mara nne kwa mwaka katika jengo la bunge mjini Tallahassee. Mwombaji alisimama mbele ya gavana na wenzake watatu kwa dakika chache, akaulizwa iwapo bado anakunywa pombe, ametozwa faini ngapi za barabarani, anaishije na familia yake. Scott aliwahi kusema kikaoni kwamba yeye na wenzake wanaweza kufanya lolote watakalo. Mzungu mmoja alikiri kwamba alikwisha kupiga kura kinyume cha sheria, tena alimpigia Scott mwenyewe. Gavana akacheka, na haki ya mtu huyo ikarudi. Februari 2018 Jaji Mark Walker aliyanukuu hayo katika hukumu ya Hand dhidi ya Scott, akaamua kwamba utaratibu huo unavunja Katiba.

Mwaka huohuo wananchi waliamua wenyewe. Aliyeongoza kampeni alikuwa Desmond Meade, mfungwa wa zamani aliyewahi kukosa hata pa kulala, akasoma sheria hadi akahitimu. Mkewe, Sheena, alipogombea ubunge wa jimbo mwaka 2016, Meade hakuweza kumpigia kura. Novemba 2018 karibu asilimia 65 ya wapiga kura wa Florida walikubali kuwarudishia haki waliomaliza adhabu zao, isipokuwa kwa mauaji na makosa ya kujamiiana. Watu wapatao milioni 1.4 walitazamiwa kufaidika.

Furaha ilidumu miezi michache. Juni 2019 sheria mpya iliamua kwamba adhabu haijaisha mpaka mtu alipe faini, fidia na ada zote za mahakama. Mamia ya maelfu walikuwa na madeni, na jimbo halikuwa na daftari moja la kumwambia mtu anadaiwa kiasi gani. Jaji Robert Hinkle aliiita hali hiyo kulipia kura, lakini Septemba 2020 mahakama ya rufaa ilimpindua kwa majaji sita dhidi ya wanne. Agosti 2022 watu 20 walitangazwa kukamatwa kwa kupiga kura bila haki. Picha za video zilizochukuliwa na kamera za polisi Tampa zinawaonyesha baadhi yao wakipigwa na butwaa, na wengi walikuwa wamepewa kadi za mpiga kura na serikali ileile.

Maine na Vermont haziwanyimi wafungwa kura, na hakuna uchaguzi uliovurugika huko kwa sababu hiyo. Mississippi, kwa upande mwingine, bado inadai theluthi mbili ya kila baraza la bunge lake ipitishe muswada wenye jina la mtu mmoja ndipo mtu huyo arudishiwe haki. Nchi nzima, waliokosa kura kwa hatia ya jinai mwaka 2024 walikadiriwa kufika milioni nne.

Mzizi uleule wa Uingereza ulifika Afrika Mashariki kupitia sheria za kikoloni, ingawa huku zuio limekuwa la kipindi cha kifungo. Kenya ilianza kuling'oa Juni 2010, pale mahakama maalumu ya migogoro ya katiba, katika shauri lililofunguliwa kwa niaba ya wafungwa wa Shimo la Tewa, Mombasa, ilipoamua kwamba wafungwa waandikishwe kwa kura ya maoni ya Agosti 4. Katiba iliyozaliwa na kura hiyo inamzuia aliyetiwa hatiani kwa kosa la uchaguzi ndani ya miaka mitano, na haimtaji mfungwa mwingine yeyote. Hata hivyo 2017 na 2022 wafungwa walipiga kura ya rais tu. Mbunge, gavana na diwani wa kwao hawakuwachagua.

Nchini Tanzania, Ibara ya 5 ya Katiba inaliruhusu Bunge kumzuia kupiga kura aliyetiwa hatiani kwa "makosa fulani ya jinai". Sheria ya uchaguzi ilikwenda mbali zaidi, ikamzuia kila aliyehukumiwa kifo au kifungo cha zaidi ya miezi sita, kwa kosa lolote. Desemba 2022 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Uboreshaji wa daftari la wapiga kura ulipoanza Kigoma Julai 2024, Tume ya uchaguzi ilipanga vituo 130 katika magereza ya Tanzania Bara na 10 katika vyuo vya mafunzo, yaani magereza, vya Zanzibar, kwa ajili ya mahabusu na wenye vifungo vya chini ya miezi sita. Hiyo ni hatua ya kweli. Lakini kipimo kimebaki urefu wa kifungo, si aina ya kosa, hivyo aliyefungwa miezi saba kwa wizi wa kuku na aliyefungwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha wanawekwa kundi moja, na swali la makosa fulani ni yapi halijapata jibu.