Chuma na Moto Katika Nchi ya Kaskazini

Msomaji, ikiwa wakaa Bute, au umepata kupita huko kaskazini mwa Wajir karibu na mpaka wa Ethiopia, hebu hesabu vitu vya chuma ambavyo uhai wa watu na wanyama huvitegemea. Liko bomba lishukalo kisimani, liko tangi lililoinuliwa juu ya miguu yake minne, kuna lango la shule na vitanda vya bweni, na liko lori lililopita njia ya mawe tangu alfajiri. Bomba likivunjika wakati wa kiangazi, ngamia na mbuzi husimama penye birika tupu, na watu wote humngoja mtu mmoja tu, yaani fundi wa kuchomelea. Tuulize basi mtu huyo hujifunza wapi kazi yake, na kwa nini katika sehemu hii ya Kenya mafunzo hayo yalichelewa sana kufika.

Isidhaniwe kwamba wenyeji hawakuijua kazi ya chuma. Kabla ya Mwingereza kuja walikuwako wahunzi katika nchi hii. Wasomali waliwaita Tumaal, na Waborana waliwaita Tumtu. Walikaa mbele ya moto wa makaa na mivukuto yao, wakafua vichwa vya mikuki, visu na mashoka. Mhunzi wa kale, popote duniani, aliunga chuma kwa kukitia motoni hata kikawa cheupe kwa joto, akaweka kipande juu ya kipande penye fuawe, akaponda mpaka vikashikana. Huo ndio uchomeleaji wa kwanza.

Lakini mhunzi huyo alihitajiwa na kila mtu, na wale wale waliomhitaji walimdharau. Mwenye ngamia alinunua mkuki wake kwa furaha, wala hakukubali kumwoza binti yake. Dharau hiyo ilikuwa dhuluma, tena ilikuwa hasara kwa nchi nzima, maana kijana wa ukoo mwingine aliona haya kushika nyundo asije akahesabiwa pamoja nao. Mtu akikuambia leo kwamba kufua chuma ni kazi ya wanyonge, ujue anarudia maneno ya zamani hizo.

Wakati huo, mbali na hapa, njia mpya ilikuwa ikibuniwa. Mwaka 1881 Nikolai Benardos, mtu wa dola ya Urusi, alitumia moto wa umeme kuyeyushia chuma. Mwanzoni mwa karne ya 20 Oscar Kjellberg wa Uswidi akakivika kijiti cha kuchomelea ganda la dawa, ambalo likiungua huikinga chuma iliyoyeyuka isiharibiwe na hewa. Tangu hapo nyundo haikuwa tena kiungo cha vyuma. Chuma huyeyuka penye nyuzi 1,500 hivi, ikachanganyika, ikapoa ikiwa kitu kimoja.

Katika Kenya mafunzo ya ufundi ya serikali yalipata makao Kabete, karibu na Nairobi, mwaka 1924, kilipofunguliwa chuo cha kuwafundisha Waafrika useremala, uashi, uhunzi na kazi nyinginezo. Chuo hicho, baada ya kubadilishwa jina mara kadhaa, leo huitwa Kabete National Polytechnic. Ama kaskazini, nchi ilikuwa imefungwa. Sheria ya mwaka 1902, na nyingine ya mwaka 1934, ziliizungushia ua wa vibali, hata mtu hakuweza kuingia wala kutoka apendavyo. Kijana wa Bute alikuwa mbali na Kabete kwa mwendo, akawa mbali zaidi kwa amri.

Mwaka 1948 kilianzishwa chuo kingine Mombasa, kwa ajili ya Waislamu wa Afrika Mashariki, kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamaa ya Mabohora na serikali ya Uingereza. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951. Hapa kijana wa kaskazini alikuwa na haki kamili ya kuingia. Lakini mwombaji sharti awe amekwisha soma, na shule za kwao zilikuwa chache mno. Chuo hicho kiliwafungulia mlango watu wa dini zote mwaka 1966, na tangu mwaka 2013 ni chuo kikuu. Mwaka huo huo wa 1966 Baraza la Makanisa la Kenya lilipendekeza vyuo vidogo vya ufundi vijijini, na mawazo hayo yakazaa vyuo vingi. Kaskazini, hata hivyo, ilikuwa ingali vitani. Vita vilivyoanza mwaka 1963 vilidumu hata mwaka 1967, na sheria ya hatari haikuondolewa mpaka mwaka 1991. Kwa Katiba ya mwaka 2010 vyuo vya ufundi vya vijijini vimewekwa mikononi mwa serikali za kaunti, nayo Wajir imo.

Sasa tuingie ndani ya karakana. Mwanagenzi haanzi na moto. Huanza na jiliwa, tupa na msumeno wa chuma, akajifunza kupima na kukata, kwa kuwa vipande visivyolingana havitaungika vizuri hata kwa fundi hodari. Kisha hupewa kinyago chenye kioo cheusi. Atakayeutazama moto ule kwa macho matupu huenda asihisi neno mchana, na usiku akaamka macho yakimwasha kana kwamba yametiwa mchanga. Hufunzwa pia kutogusa mtungi wa oksijeni kwa mikono yenye mafuta, kwani mafuta yaweza kuwaka, na kutochomelea kamwe pipa lililokuwa na petroli kabla halijasafishwa barabara. Baadaye huunga vipande vilivyolazwa, halafu vilivyosimama, na mwisho vilivyo juu ya kichwa chake, ambapo cheche humwangukia mabegani.

Karakana ya namna hiyo haiwezi kutimia kwa majengo peke yake. Kijiti cha milimita 3.2 hutaka umeme wa ampia 100 na zaidi, na mtambo mdogo wa jua unaowasha taa za darasa haufai kwa kazi hiyo. Penye umeme hafifu sharti liwepo jenereta na mafuta yake, na vijiti vihifadhiwe pakavu. Haya ndiyo ya kumwuliza anayeahidi chuo kipya, kabla hajaonyesha ramani ya nyumba.

Kazi ya tangi hupimwa kwa maji. Mwanagenzi huligonga gamba la taka, akapiga brashi ya waya, akalijaza tangi na kungoja. Mwalimu hupitisha kidole kikavu penye mshono wote, polepole, kutoka pembe hata pembe. Kidole kikitoka na unyevu, maji humwagwa na mshono hukatwa.