Dengu Zilizopasuliwa: Kutoka Kambi za Reli Hadi Sufuria ya Futari

Umetumwa dukani Thika ununue dengu, ukarudi na ndengu za kijani, na nyumbani ukaulizwa huko chuo mnasomea nini. Usimlaumu mwenye duka. Kile anachokiita ndengu, Mombasa ni pojo na Tanzania ni choroko. Dengu inayosagwa unga wa bajia ni nyingine kabisa, ile ya manjano iliyokobolewa ganda na kupasuliwa vipande viwili. Na kamande ndiyo adesi ya wazee wa pwani, neno la Kiarabu, adas, ambalo sote tulilipitia madrasa katika Suratul Baqarah, aya ya 61, pale Bani Israil walipomlalamikia Nabii Musa kuhusu chakula cha aina moja.

Je, vipande hivi vilifikaje bara? Pwani wafanyabiashara wa Kihindi walikuwako zamani. Lakini kilichovipandisha huku juu kwa wingi ni reli. Kati ya mwaka 1896 na 1901 Waingereza walileta vibarua wapatao 32,000 kutoka India, wengi wao wa Punjab, na Waislamu walikuwa sehemu kubwa. Mkataba ulikuwa wa miaka 3, na posho yao ilikuwa chakula cha kwao: mchele, unga, dali na samli. Alibhai Mulla Jeevanjee, Mbohora wa Karachi, alikuwa mmoja wa wakandarasi waliowaleta vibarua na kuwapelekea chakula. Allidina Visram naye akafungua maduka yakiifuata njia ya reli. Vibarua kama 2,500 walikufa. Kama 6,700 hivi wakabaki.

Hebu fikiria mpishi wa kambi pale nyika ya Taru, maji ya kuletwa, vibarua wana njaa. Maharagwe mazima yatamla saa mbili tatu za kuni. Dengu iliyopasuliwa haina ganda la kuzuia maji, nayo imefunguka tumboni, basi huiva haraka. Mimi naona kupasua ni ufundi mkubwa ambao hatuupi heshima yake. Kule India mbaazi hupakwa mafuta kidogo, huanikwa juani ganda lilegee, kisha hupitishwa kwenye jiwe la kusagia. Na usidhani mama zetu wa pwani hawakuujua ufundi huo! Kunde za bajia hupaazwa au hulowekwa, zikafikichwa kwa mikono, maganda yakaelea, yakamwagwa. Kazi ya asubuhi nzima, nasi saa ya futari tunazimaliza kwa dakika tano.

Reli ya kutoka Nairobi ilipita Ruiru ikafika Thika mwaka 1913. Wenyeji walikuwa na njahi yao, nyeusi yenye mstari mweupe, inayopikwa nzima na kupewa mama aliyejifungua. Mhindi hakuruhusiwa kumiliki shamba katika nyanda za juu, serikali ya London ilithibitisha hivyo mwaka 1908, kwa hiyo akakaa mjini na duka lake. Hapo gunia la dali likasimama karibu na gunia la njahi. Baadaye ikaja sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967, iliyowabana wasio raia, na mwaka 1968 maelfu wakaondoka nchini. Wenye maduka wakaenda, dali ikabaki kwenye rafu.

Sasa kuna kijana atakwambia, "Hicho ni chakula cha Wahindi." Kumbe mbaazi zinalimwa hapo Makueni na Kitui, na zikipasuliwa ndizo hizo hizo zinazoandikwa tuvar kwenye pakiti! Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi zinazoingia kwao, bei ilianguka vibaya Tanzania na Msumbiji. Wakulima walikaa na magunia, kwa sababu soko lao kubwa lilikuwa ng'ambo, siyo jirani.

Basi wewe uliyepanga chumba Juja na mtungi wa gesi wa kilo 6, sikiliza. Mwaga dengu kwenye sinia uchague mawe, usione aibu, jino ni moja. Osha kwa kufikicha mpaka maji yaache kuwa meupe. Kamande nyekundu hazihitaji kulowekwa, dakika 20 zimeiva. Dengu kubwa za manjano na mbaazi zilizopasuliwa ziloweke baada ya Adhuhuri, zitakuwa tayari kupikwa baada ya Alasiri. Zikianza kuchemka litapanda povu, liengue na usifunike sufuria kabisa, la sivyo utaosha jiko usiku. Tia manjano mapema, lakini nyanya, ndimu au ukwaju ngoja ziive kwanza, maana uchachu huzifanya zikatae kulainika. Zikikataa hata bila uchachu, jua zimekaa dukani miaka. Mwisho kaanga vitunguu saumu na jira kwenye samli, umimine juu ikiwa bado inachachatika. Mtu wa pwani ataongeza tui la nazi. Na zikibaki, zitaganda usiku, lakini ongeza maji ya moto kidogo, ndiyo daku hiyo.