Nyumba ya Mpangaji Mmoja: Safari ya Vigeu vya Pamoja Tangu 1949

Tarehe 6 Mei 1949, katika Chuo Kikuu cha Cambridge nchini Uingereza, mashine iliyoitwa EDSAC iliendesha programu yake ya kwanza. Kumbukumbu yake ilikuwa mirija mirefu iliyojaa zebaki, na namba zilikaa humo kama mawimbi ya sauti yanayozunguka bila kukoma. Mwenye zamu alimiliki mashine nzima. Akimaliza, aliyefuata alianza upya na kanda yake ya karatasi. Kuuliza nani anaruhusiwa kugusa namba ipi kulikuwa sawa na kumuuliza mtu anayeishi peke yake kwa nini hafungi mlango wa jikoni.

Hata hivyo, mbegu ya tatizo ilipandwa hapohapo. David Wheeler, mmoja wa vijana wa maabara ile, alibuni njia ya kuita programu ndogo na kurudi ilikoitwa. Programu ndogo ilipoanza kazi, ilijiandikia yenyewe ndani ya mwili wake amri ya kurudi. Ulikuwa ubunifu wa hali ya juu, na maktaba ya programu ndogo za Cambridge ilijengwa juu yake. Lakini amri ile ilikuwa na mahali pamoja tu pa kuandikwa. Programu ndogo ikiitwa mara ya pili kabla ya kumaliza mara ya kwanza, anwani ya pili iliifuta ya kwanza na njia ya kurudi ikapotea. Hali iliyohifadhiwa mahali pamoja haimdhuru mtu hadi afike wa pili. Yaliyotokea katika miaka iliyofuata ni kisa hichohicho, ila huyo wa pili hubadilika jina.

Mwaka 1957 kampuni ya IBM ilitoa FORTRAN, lugha iliyotungwa na kundi la John Backus kwa ajili ya mashine ya 704. Toleo la pili, la mwaka 1958, liliruhusu programu kukatwa vipande vinavyokusanywa mbalimbali, na ili vipande hivyo vizungumze, likaleta tamko la COMMON. Hapa ndipo kigeu cha pamoja, yaani namba yenye jina ambayo kila sehemu ya programu inaweza kuisoma na kuiandika, kilipopata makao rasmi. Kumbukumbu ilikuwa ghali na haba, na kunakili jedwali kubwa la namba kutoka kipande kimoja hadi kingine ulikuwa ubadhirifu. Basi jedwali liliwekwa uwanjani, kila kipande kikalifikia. La kushangaza ni kwamba vipande havikukubaliana kwa majina, bali kwa mpangilio. Kilichoitwa X katika kipande kimoja kiliweza kuitwa Y katika kingine, mradi kimekaa nafasi ileile. Mtu akichomeka kigeu kipya katikati ya orodha katika faili moja na kusahau faili jingine, kila kilichofuata kilisogea hatua moja, na kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa amri za mashine, haikusema neno.

Wanahisabati wa Ulaya na Marekani waliokutana Paris Januari 1960 walikuwa na fikra nyingine. Lugha yao, ALGOL 60, iliigawa programu katika vitalu, na kigeu kilichotangazwa ndani ya kitalu kilizaliwa kitalu kinapoingiwa na kufa kinapoachwa. Funksheni iliweza kujiita yenyewe, kwa kuwa kila mwito ulipewa nafasi yake juu ya rundo la kumbukumbu. Tatizo la Wheeler lilikuwa limepata jibu. Lakini watungaji haohao waliacha dirisha wazi: waliruhusu aina ya kigeu inayokumbuka thamani yake kutoka mwito mmoja hadi mwingine. Kumbukumbu isiyokufa ilitolewa mlangoni ikarudi kupitia dirishani, na haijatoka hadi leo.

Miaka ya 1970 ilianza kwa hukumu. Barua ya Edsger Dijkstra ya Machi 1968 dhidi ya amri ya kuruka-ruka (goto) ilikuwa imewazoesha watu kusoma mashtaka ya namna hiyo. Desemba 1972 David Parnas alieleza kwamba programu igawanywe kwa kufuata siri ambazo kila sehemu inazificha, si kwa kufuata hatua za kazi. Februari 1973 William Wulf na Mary Shaw walichapisha makala iliyokishtaki kigeu cha pamoja waziwazi kuwa ni chenye madhara. Hoja yao ilihusu msomaji zaidi ya mashine. Funksheni inayogusa vigeu vya nje haisomeki peke yake, kwa kuwa huwezi kujua inafanya nini mpaka ujue wengine wote wamefanya nini kabla yake.

Hukumu ilitolewa, lakini dunia ilikuwa tayari inaelekea kwingine. Katika miaka hiyohiyo, kwenye maabara za Bell nchini Marekani, Dennis Ritchie alikuwa akiiunda lugha ya C kwa ajili ya mfumo endeshi wa UNIX. C iliruhusu vigeu vya faili zima na vya programu nzima, na maktaba yake ilivitumia bila aibu. Tazama strtok, funksheni inayokata sentensi vipande kwa kufuata alama uliyoipa. Mara ya kwanza unaipa sentensi, mara zinazofuata unaipa pointa tupu, nayo inaendelea pale ilipoishia. Inakumbukaje ilipoishia? Ina kigeu chake cha ndani, kimoja kwa programu nzima. Ukiwa katikati ya kukata mistari ya faili, ukaita funksheni nyingine ambayo nayo, bila wewe kujua, inatumia strtok kukata maneno ya mstari, ukirudi unakuta mistari yako imeyeyuka. Jibu lilipokuja, katika viwango vya POSIX vya mwaka 1995, lilikuwa jepesi kiasi cha kuudhi. Likazaliwa toleo liitwalo strtok_r, lenye kigezo cha tatu ambamo mwitaji anahifadhi mwenyewe alama ya alipoishia. Karibu kila tiba iliyobuniwa baadaye ni hiyohiyo: kilichofichwa ndani kinatolewa nje na kukabidhiwa mkononi kwa mwenye kuita.

Kwa nini C ilivumiliwa muda mrefu hivyo? Kwa sababu UNIX iliificha dhambi yake. Kila programu iliendeshwa katika mchakato wake wenye kumbukumbu yake. Ikimaliza, mfumo endeshi ulizoa kila kitu. Nyumba ilikuwa ya mpangaji mmoja, na akiondoka inabomolewa.

Pale ambapo ulinzi huo haukuwepo, gharama ilikuwa maisha ya watu. Kati ya Juni 1985 na Januari 1987, mashine ya tiba ya mionzi iitwayo Therac-25, iliyotengenezwa Kanada, iliwapa wagonjwa 6 wa Marekani na Kanada dozi kubwa kupita kiasi, na wasiopungua 3 kati yao walikufa kwa majeraha hayo. Nancy Leveson na Clark Turner waliieleza programu yake kwa kina mwaka 1993. Kazi kadhaa zilikwenda kwa pamoja zikisoma na kuandika vigeu vilevile vya pamoja bila kinga. Kimoja, Class3, kilikuwa na ukubwa wa baiti moja. Sifuri ilimaanisha kila kitu kiko sawa, na namba yoyote nyingine ilimaanisha ukaguzi bado unahitajika. Badala ya kukiwekea namba isiyobadilika, programu ilikiongezea moja katika kila mzunguko wa maandalizi. Baiti haizidi 255. Kwa hiyo kila mzunguko wa 256 kigeu kilirudi sifuri, na kwa kitambo hicho mashine iliamini hakuna cha kukagua. Hospitalini Yakima, Januari 1987, mwendeshaji alibonyeza kitufe katika kitambo hicho.

Sijui kisa kinachoeleza vizuri zaidi kwa nini kujaribu mara moja hakutoshi. Mizunguko 255 ya mwanzo ingepita salama, na mjaribu angesaini fomu yake kwa dhamiri safi.

Majaribio yanayojiendesha yenyewe yalipata umbo lake la sasa mwishoni mwa karne ya 20. Kent Beck alikuwa ameeleza mwaka 1994 mfumo mdogo wa majaribio kwa lugha ya Smalltalk, na mwaka 1997, ndani ya ndege kutoka Zurich kwenda Atlanta, yeye na Erich Gamma waliandika JUnit kwa ajili ya Java. Uamuzi wao mmoja, unaopitwa na wengi, ni kwamba kila jaribio linaundiwa kitu kipya, hata kama majaribio kumi yameandikwa katika darasa moja. Mbele ya kila jaribio kuna hatua ya kuandaa, nyuma yake kuna hatua ya kusafisha. Waliosoma shule zetu wataielewa mara moja: mwalimu wa kipindi kinachofuata asikute ubao umejaa hesabu za aliyemtangulia. Hata hivyo kanuni haikuweza kuzuia vigeu tuli vya programu yenyewe, ambavyo havikuwa vya JUnit kuvifuta. Java 7 ilipotoka mwaka 2011, mpangilio wa kuendesha majaribio, ambao watu wengi waliuchukulia kuwa ni ule wa kuandikwa, uliacha kutabirika. Majaribio yaliyokuwa yakipita kwa miaka yakaanza kuanguka. Hayakuwa yameharibika siku hiyo. Jaribio la tatu lilikuwa likila makombo ya la pili muda wote.

Katika C njia ilikuwa ngumu zaidi. Mfumo wa majaribio uitwao Check uliazima hekima ya UNIX na kumpa kila jaribio mchakato wake, ili likianguka lianguke peke yake. Kwenye vidhibiti vidogo vya mashine za kufulia au mita za umeme hakuna mfumo endeshi wa kugawa michakato, na vigeu vya pamoja humo ni pamoja na rejista za mashine yenyewe. Mwaka 2004 Michael Feathers aliwapa watu wa msimbo wa zamani wazo la mishono, yaani mahali unapoweza kubadilisha tabia ya programu bila kuhariri mahali hapo. Januari 2020 kiini cha Linux, toleo la 5.5, kilipokea mfumo wa majaribio wa KUnit, ambamo kila jaribio hupokea pointa ya muktadha wake kama kigezo. Kigezo cha tatu cha strtok_r kimezeeka, lakini bado kinafanya kazi.

Wakati wetu unaonekana vizuri zaidi katika Git, chombo cha kutunza historia ya msimbo katika ghala liitwalo hazina. Linus Torvalds alipoianza Aprili 2005, aliiandika kama rundo la programu fupi: amri inaanza, inafanya kazi, inakufa. Vigeu vya pamoja vilikuwa vya kawaida na havikumkera mtu. Kisha ikatakiwa amri moja ishughulikie hazina ndani ya hazina, na toleo la 2.14, Agosti 2017, likaleta strakti ya hazina, yaani kifurushi kinachobeba hali ya hazina moja. Funksheni zikaanza kuandikwa upya zikipokea hazina kama kigezo cha kwanza, huku majina ya zamani yakibaki kama ganda jembamba ili waitaji wasivunjike wote siku moja. Ni subira ya fundi anayebadilisha nguzo huku watu wamelala ndani.

Baadaye majaribio ya ngazi ya chini yakaanza kuhamishwa kutoka programu saidizi zilizoitwa kwa hati za shell, kwenda kwenye majaribio ya C yanayokaa pamoja ndani ya mchakato mmoja. Siri zikafichuka. Jaribio la orodha ya vitambulisho vya vitu halihitaji hazina yoyote, lakini msimbo uliojaribiwa ulikuwa ukiuliza kigeu cha pamoja ni algoriti ipi ya heshi, yaani ya kutengeneza vitambulisho hivyo, inayotumika. Kwa miaka jibu lilikuwa SHA-1 hata kama hakuna aliyechagua. Mwaka 2024 chaguo hilo la kimya liliondolewa, na njia zote zilizokuwa zikiliegemea zikajitokeza, baadhi kwa kuanguka kabisa. Majaribio ikabidi yatangaze algoriti yao kabla ya kuanza.

Nami nimeona marekebisho ya haraka yanayokusanya vigeu hamsini katika strakti moja, yakaipitisha pointa yake kila mahali, kisha yakaitwa usafi. Uwanja ni uleule, umewekewa tu mlango. Watu wa Git walichagua njia ya taratibu. Tangu toleo la 2.46, la Julai 2024, faili linalotaka kutumia kigeu cha zamani cha hazina lazima litangaze hivyo juu kabisa, kwa mstari mmoja: USE_THE_REPOSITORY_VARIABLE. Faili mojamoja hufanyiwa kazi, funksheni zake hupewa vigezo, na siku msimbo wake unapokusanyika bila tamko lile, mstari hufutwa.