Mpwa na Mwana: Habari za Mabwana wa Kinair

Mwaka 1498 Vasco da Gama aling'oa nanga Malindi, akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa mji huo, akavuka bahari hata akafika Kozhikode, katika pwani ya Malabar, kusini ya Bara Hindi. Huko alimkuta mtawala aliyetajirika kwa biashara ya pilipili manga, ambaye Wareno walimwita Zamorin. Lau mgeni yule angaliuliza ni nani atakayekirithi kiti cha mfalme huyo, angalistaajabu kwa jibu: si mwanawe, bali mpwa wake, mtoto wa dada yake.

Askari wengi wa Zamorin walikuwa Wanair. Watu wa mbali huwataja Wanair kana kwamba wote walikuwa hali moja, nao hawakuwa hivyo hata kidogo. Juu kabisa walikuwa Wasamanthan, ambao Zamorin mwenyewe alitoka katika nyumba yao. Wengine huwahesabu kuwa Wanair, lakini wenyewe walijiona wako juu zaidi. Chini yao, katika nchi ya Malabar, walikuwa Wakiryathil, watu wa nasaba kubwa, na baadhi yao walitawala wilaya ndogo ndogo. Kisha walifuata waliotumikia nyumba za makuhani wa Kinambudiri na nyumba za kifalme. Na mwisho kabisa wakamuaji mafuta, madobi na vinyozi. Majina ya heshima nayo yalionyesha kazi au cheo cha mtu. Panikkar alikuwa mwalimu wa silaha, Menon alikuwa karani, na Kaimal na Kartha walikuwa wakuu wa nchi.

Mabwana hao walikaa katika jumba la ukoo liitwalo taravad. Humo walikaa bibi, binti zake na wajukuu waliozaliwa na binti hao, pamoja na wajomba. Mume hakuhamia kwa mkewe. Alimzuru usiku, na asubuhi akarudi katika jumba la mama yake. Mjomba aliye mkubwa kuliko wote ndiye aliyesimamia mali, lakini hakuweza kuigawa wala kuwarithisha wanawe, kwani wao walikuwa watu wa jumba lingine. Kwa desturi hiyo mashamba hayakukatwa vipande vipande, na ukoo ulidumu na nguvu zake kizazi baada ya kizazi.

Lakini desturi hiyo ilikuwa na mwiba ndani yake. Katika ufalme wa Venad, ambao baadaye uliitwa Travancore, wana wa mfalme waliitwa Thampi. Walilelewa kwa heshima karibu na kiti cha enzi, wala hawakuwa na haki ya kukikalia. Mfalme Rama Varma alipofariki mwaka 1729, mpwa wake Marthanda Varma alitawala, na wana wawili wa marehemu wakadai kiti cha baba yao. Waliungwa mkono na mabwana wa Kinair walioitwa Wakuu wa Nyumba Nane. Mabwana hao walikuwa na ardhi na askari wao wenyewe, nao hawakutaka mfalme mwenye nguvu. Mwana ambaye angetawazwa kwa mikono yao angekuwa mdeni wao siku zote.

Yasimuliwa kwamba Marthanda Varma, alipokuwa akiwindwa na adui zake, alijificha katika shina la mfenesi lililo wazi ndani. Alipopata nguvu alikodi askari kutoka nchi ya Watamil, akawaua wana wale wawili na wakuu wa Nyumba Nane, na majumba yao yakabomolewa. Yasimuliwa pia kwamba wanawake na watoto wao waliuzwa kwa wavuvi. Ukatili huo ulikuwa na maana yake: ukoo ambao mizizi yake ni wanawake haufi kwa kuuawa wanaume peke yao.

Mwaka 1741 mfalme huyo aliwashinda Waholanzi huko Colachel, na mateka mmoja, De Lannoy, akalifundisha jeshi lake vita vya kizungu. Tangu hapo askari wa mfalme hawakutegemea tena hisani ya mabwana. Naye alipofariki mwaka 1758, alirithiwa na nani? Na mpwa wake. Mabwana waliangamia, desturi ikabaki.

Hata hivyo desturi hiyo nayo ilifikiwa na zamu yake. Vijana waliosoma na kupata mishahara walitaka kuwarithisha watoto wao, wala hawakutaka tena kumtii mjomba. Sheria ya Travancore ya mwaka 1925 iliruhusu mali ya ukoo kugawanywa, ile ya Madras ya mwaka 1933 ikaruhusu vivyo hivyo Malabar, na mwaka 1975 Bunge la Kerala lilipitisha sheria ya kuuondoa umoja huo wa mali. Wakati huo wapangaji wengi walikuwa wamekwisha pewa mashamba waliyoyalima.

Wazee wetu walisema, mpanda ngazi hushuka. Tusiwacheke mabwana wale. Walidhani heshima yao ilitoka katika damu, kumbe ilisimama juu ya ardhi na silaha. Na vitu hivyo viwili vilipowatoka mikononi, damu ile ile haikuweza kuwaokoa.