Silabi Zisizo na Maana na Hesabu za Kumbukumbu

Katika historia ya elimu ya nafsi, yaani saikolojia, hakuna chombo kilichoonekana kuwa mbali na lugha kuliko silabi zisizo na maana za Hermann Ebbinghaus. Zilibuniwa makusudi ili lugha isiingie katika vipimo. Hata hivyo, aliyesomea mambo ya sauti akizitazama kwa makini huona kwamba lugha iliingia tangu siku ya kwanza, na kwamba hesabu za takwimu zilitwishwa mzigo wa kuitoa.

Ebbinghaus, aliyezaliwa Barmen huko Ujerumani mwaka 1850, alikikuta kitabu cha Fechner cha mwaka 1860 katika duka la vitabu vikuukuu mjini Paris. Fechner alikuwa ameonyesha jinsi hisia zinavyoweza kupimwa. Kukumbuka na kusahau, lakini, kulihesabiwa na wengi kuwa mambo ya ndani mno yasiyoingia katika vipimo. Ebbinghaus hakukubali. Alifanya majaribio mwaka 1879 na 1880, akayarudia mwaka 1883 na 1884, na mwaka 1885 kitabu chake juu ya kumbukumbu kikatolewa Leipzig. Mtu aliyepimwa alikuwa mmoja tu, naye ni yeye mwenyewe.

Alihitaji vitu vya kujifunza vilivyo sawa kwa uzito, kama vile mfanyabiashara anavyohitaji mawe ya mizani yasiyotofautiana. Maneno hayakumfaa, kwa maana kila neno huja na jamaa zake. Akatunga silabi kwa kuweka irabu katikati ya konsonanti mbili. Konsonanti za kuanzia zilikuwa 19, irabu pamoja na miungano yake 11, na konsonanti za kumalizia 11. Zidisha, utapata 2,299, naye akazitaja kuwa kiasi cha 2,300. Mwanaisimu atauliza mara moja kwa nini konsonanti za mwisho zimepungua kiasi hicho. Sababu ni ya Kijerumani tupu: ulimi wa Mjerumani hautamki kwa wepesi b, d na g mwishoni mwa neno, bali huzigeuza kuwa p, t na k. Basi chombo kilichodaiwa kuwa hakina lugha kilikuwa kimekwisha kutii kanuni ya lugha moja.

Utaratibu wake ulikuwa mkali. Alisoma kwa kufuata mapigo 150 kwa dakika, akajifunza kila msururu hadi aweze kuusema bila kosa, akaandika muda uliotumika. Baada ya kitambo alichokipanga alijifunza upya msururu uleule, na muda aliouokoa ndio uliokuwa kipimo cha kumbukumbu iliyobaki. Alichunga saa za siku pia, na alipogundua kwamba jioni alijifunza polepole kuliko asubuhi, alisahihisha hesabu za majaribio yaliyorudiwa jioni. Majaribio ya kusahau yalikuwa 163, na mengi yake yalikuwa na misururu 8 ya silabi 13. Baada ya dakika 20 hivi aliokoa asilimia 58 ya kazi ya kwanza. Baada ya saa moja, 44. Baada ya siku moja, 34. Baada ya siku 31, bado 21. Yaani mtu husahau kwa kasi mwanzoni, kisha kusahau kwenyewe kunapunguza mwendo. Mwaka 2015 Murre na Dros walichapisha marudio ya jaribio hilo, vilevile kwa mtu mmoja, na mstari wao ukafanana sana na wa kale.

Jambo lisilotajwa sana katika vitabu vya kufundishia ni kwamba Ebbinghaus mwenyewe alikiri kuwa silabi zake si sawa. Misururu mingine ilimshika upesi, mingine ikamkataa, wala hakuweza kueleza sababu. Dawa yake ilikuwa wastani. Alipima mara nyingi, akachukua wastani, na kando yake akaandika kosa lake la kukadiria, yaani mpaka ambao nusu ya vipimo hutazamiwa kuangukia ndani yake. Alitumia hesabu zilezile ambazo wanafizikia walizitumia. Ukali huo ni wa kusifiwa, lakini wastani hauondoi tofauti za silabi, unazificha tu. Mwaka 1928 Glaze aliwaonyesha watu silabi za namna hiyo na kuwauliza kama zinawakumbusha jambo lolote. Baadhi ziliwakumbusha wote, nyingine hazikumkumbusha hata mmoja.

Baadaye elimu hiyo iliacha mtu mmoja na kufuata makundi. Kitabu cha Fisher cha mwaka 1925 kilieneza njia za kupima kama tofauti ya wastani mbili ni ya bahati tu, na watafiti wakazoea kuuliza: je, watu wengine wangetoa jibu hili? Hawakuuliza: je, maneno mengine yangelitoa? Coleman alilisema jambo hili mwaka 1964, na wachache walisikia. Mwaka 1973 Herbert Clark alilirudia kwa ukali zaidi. Mtafiti akichagua nomino 20 na vitenzi 20, alisema, kisha akawapima watu wengi, hana haki ya kusema lolote juu ya nomino zote na vitenzi vyote, maana maneno yake ni sampuli kama watu walivyo sampuli. Alipendekeza hesabu inayounganisha makosa yote mawili. Wengi walichukua nusu tu: walihesabu mara moja kwa watu na mara moja kwa maneno, wakaridhika. Ni mwaka 2008 tu ambapo Baayen, Davidson na Bates walieleza kwa watafiti wa lugha njia inayowaweka watu na maneno katika mizani moja.

Kwa Kiswahili mambo haya yana uzito wake. Silabi za Ebbinghaus haziwezi kuletwa kwetu zilivyo, kwa sababu silabi ya Kiswahili aghalabu huishia kwa irabu, na msemaji atakayepewa konsonanti ya mwisho ataelekea kuiongezea irabu. Mtafiti akitumia silabi mbili zilizo wazi, atajikuta katika shida nyingine. Chukua t mbili, uzungushe irabu tano: tata, teta, tita, tota, tuta. Zote ni maneno. Akitunga neno jipya linaloanza kwa ki-, msikilizaji atakuwa na wingi wake mdomoni kabla hajaulizwa maana yake. Orodha ya maneno yasiyo na maana kwa ajili ya wasemaji wa Kiswahili, basi, haina budi ianze kwa kamusi na sarufi, na kila neno lililomo lipimwe kwanza kwa wasemaji wenyewe, kama Glaze alivyofanya, kabla ya wastani wowote kuchukuliwa.