Unyago, Bunduki na Kingo Mbili za Ruvuma

Ukisimama kwenye kivuko cha Kilambo, Mtwara, ng'ambo unayoiona ni Msumbiji, lakini Kimakonde ni kilekile. Wajerumani na Wareno waliufanya Mto Ruvuma kuwa mpaka mwaka 1886. Wenyeji waliendelea kuoana, kuzikana na kualikana unyagoni. Katika kingo hizo mbili, wanawake walidai haki zao kwa njia zilizotofautiana sana.

Upande wa Tanganyika, njia hiyo ilianzia kwenye ngoma. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha Bomba jijini Dar es Salaam, aliitafutia TANU, chama kilichopigania uhuru, wanachama kwa kuwaendea viongozi wa vikundi vya wanawake wenzake. Wengi hawakusoma, lakini walikuwa na michango, viongozi na desturi ya kuitana na kuitikiana. Siasa ikapita humo. Uhuru ulipopatikana, mwaka 1962 ikazaliwa UWT, jumuiya ya wanawake.

Ng'ambo, Mreno hakuondoka kwa maneno. Mwaka 1967 wasichana wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, walipelekwa kambi ya Nachingwea, kusini mwa Tanzania, kujifunza kutumia silaha, akiwemo Josina Muthemba, ambaye baadaye aliolewa na kiongozi wa FRELIMO, Samora Machel. Walibeba risasi, wakahamasisha vijiji, wakauguza majeruhi na kulea yatima. Josina alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971, akiwa na miaka 25. Msumbiji huiadhimisha siku hiyo kuwa Siku ya Mwanamke. Machi 1973, katika mkutano uliofanyika huku kusini kwetu, mjini Tunduru, ikaundwa OMM, jumuiya ya wanawake wa Msumbiji.

Katika mkutano huo Machel alisema mapinduzi hayawezi kushinda bila ukombozi wa mwanamke. Lakini FRELIMO iliweka mahari na unyago katika kapu moja la mila za kukomesha. Mahari ilikuwa mzigo kwa wanawake wa kusini mwa Msumbiji. Kaskazini, kwa Wamakua na Wamakonde, ukoo hufuata mama, na unyago ni mahali ambapo wanawake wazee ndio wenye kauli. Signe Arnfred, mwanasosholojia wa Denmark aliyefanya kazi OMM miaka ya 1980, aliandika kwamba hatua hiyo iliwapokonya wanawake wa kaskazini mamlaka waliyokuwa nayo.

Kuwapima wanawake wote kwa kipimo kimoja kuliumiza Marekani nako: wanawake Weusi walioishtaki kampuni ya General Motors walishindwa mwaka 1976. Kampuni iliajiri wanaume Weusi kiwandani na wanawake Wazungu ofisini, na mahakama haikukubali kuyaangalia madai ya rangi na ya jinsia kwa pamoja. Mwaka 1989 mwanasheria Kimberlé Crenshaw aliufananisha mkasa wao na mtu aliyegongwa njia panda: magari yalitoka pande mbili, maumivu ni ya mwili mmoja.

Funzo hilo, kwamba wanawake hawaonewi wote kwa namna moja, linatuhusu leo. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilithibitisha kuwa vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vinavunja Katiba. Naiunga mkono hukumu hiyo kwa moyo wote. Lakini haitafika kijijini Msimbati, Mtwara, kwa karatasi pekee. Kungwi anayemkalisha mwali ndani ndiye mwenye sikio lake. Tukimtukana, tutampoteza na mwali. Bibi Titi alianza kwa kuwaendea wanawake pale walipokuwa wamekaa. Nasi tuwaendee makungwi, tukae jamvini, tuzungumze.