Marekani: Televisheni ilipozimwa, hadithi ya mtoto wa Krypton ilihamia kitabuni

Tarehe 13 mwezi wa tano 2011, watazamaji wa Marekani waliona sehemu ya mwisho ya Smallville, filamu ya mfululizo iliyodumu miaka 10 kwenye televisheni. Sehemu hiyo ilianza na mama aliyekuwa akimsomea mtoto wake kitabu cha katuni kabla ya kulala. Mama huyo ni Chloe, mmoja wa wahusika wakuu, na kitabu alichokishika kilikuwa na jina la Smallville. Mwaka uliofuata, kitabu cha kuendeleza hadithi hiyo kilitolewa kweli.

Hadithi yenyewe ni ya zamani. Ilibuniwa na vijana wawili wa mji wa Cleveland, Jerry Siegel mwandishi na Joe Shuster mchoraji, wote wawili watoto wa familia za Wayahudi waliohamia Amerika kutoka Ulaya. Superman alitokea mara ya kwanza mwaka wa 1938. Ni mtoto ambaye sayari yake, Krypton, ilikuwa inaangamia. Wazazi wake walimweka peke yake ndani ya chombo, wakamtuma mbali ili angalau yeye apone. Bwana na bibi Kent, wakulima wa Kansas, walimwokota, wakamlea kama mtoto wao na kumwita Clark.

Siegel na Shuster waliuza haki za shujaa wao kwa dola 130. Walizidai kwa miaka mingi, na ni mwaka wa 1975 tu ndipo kampuni ilipokubali kurudisha majina yao kwenye hadithi na kuwapa malipo ya kila mwaka.

Kutoka kitabuni, Superman aliingia redioni mwaka wa 1940. Redio haikurudia tu yaliyoandikwa, nayo iliongeza yake. Kryptonite, lile jiwe la kwao linalomlegeza nguvu, lilisikika kwanza redioni mwaka wa 1943, kisha vitabu vikalichukua.

Smallville ilianza mwezi wa kumi 2001. Ilisimulia ujana wa Clark pale shambani, akiwa bado anaficha nguvu zake. Watengenezaji walijiwekea sharti: Clark asiruke angani, wala asivae lile vazi la buluu lenye joho jekundu. Watazamaji walivumilia miaka 10, zaidi ya sehemu 200. Katika dakika ya mwisho kabisa, Clark alifungua shati na alama ya S ikaonekana kifuani. Hapo hapo filamu ikaisha. Aliyengoja muda wote huo kumwona Superman akifanya kazi yake, alimwona kwa muda mfupi tu.

Ndiyo sababu kitabu cha Smallville Season 11, yaani msimu wa 11, kilipokelewa kwa hamu mwezi wa nne 2012. Mwandishi wake, Bryan Q. Miller, alikuwa amewahi kuandika sehemu za filamu yenyewe. Michoro ya kwanza ilikuwa ya Pere Pérez. Sura fupi zilitolewa kila wiki kwa njia ya intaneti, kisha zikakusanywa na kuchapwa kwenye karatasi. Hadithi ilianza miezi sita baada ya vita ya mwisho ya filamu, Clark akiwa tayari anaruka juu ya mji wa Metropolis.

Kwenye filamu, kumrusha mtu angani kunahitaji mitambo na pesa nyingi. Mchoraji anatumia kalamu ile ile, mtu aruke au atembee. Tena Batman na Wonder Woman, ambao hawakuwahi kutokea katika Smallville ya televisheni, kitabuni walikuja wakapigana bega kwa bega na Clark. Kazi hiyo iliendelea hadi mwaka wa 2015.

Kutoka karatasi hadi redio, hadi televisheni, na kurudi tena kwenye karatasi, jambo moja linajulikana sana. Mtoto huyu ana majina mawili: Kal-El, alilopewa na wazazi waliomtuma mbali, na Clark, alilopewa na wazazi waliomfungulia mlango. Familia iliyolea watoto mbali na kijiji chao inalijua swali la wapi ni kwao. Katika hadithi hii, mtoto anayaitikia majina yote mawili.